Barua Zenu: Fungate ya Barbados Baada ya Miaka 26

Toleo lililopita niliandika kwa ufupi kwamba mimi na mume wangu, baada ya miaka 26 ya ndoa, tulikwenda kukaa siku kumi na mbili Barbados, kisiwa cha Karibi, mwezi wa Machi. Tulikwenda wawili tu, bila watoto na bila kufikia kwa ndugu. Sikutegemea barua zingekuja nyingi kiasi hiki. Nimechagua sita zenye maswali yaliyorudiwa na wengi, na majina ya waandishi nimeyaweka pembeni kwa heshima yao.

*Shikamoo dada. Mume wangu ni mtu wa Pangani, mimi ni wa Moshi, na huu ni mwaka wa kumi na nne tunaishi Coventry. Tumeweka akiba ya safari moja. Nilipomtajia visiwa vya Karibi akasema: "Mimi nimezaliwa na bahari mlangoni, nikalipe pesa kwenda kutazama bahari ya watu?" Anataka twende kwao kama kila mara. Je, nimkubalie tu yaishe? (Mke wa Mpangani, Coventry)*

Marahaba mdogo wangu. Mume wako hajakosea, na mimi ni mtu wa pwani kama yeye, kwa hiyo namwelewa pengine kuliko anavyodhani. Baba yangu alikuwa mvuvi wa Tongoni, kusini kidogo ya Tanga mjini. Bahari kwetu ilikuwa ni kazini kwa baba. Alitoka usiku kufuata maji, akarudi macho mekundu kwa chumvi, na alipopumzika alipumzika uani, mgongo kwa bahari. Mama alimngoja ufukweni na beseni, akapokea samaki, akaparua, akakaanga, akauza. Katika utoto wangu wote sikupata kumwona mtu mzima wa kijijini amelala mchangani mchana kweupe akitazama maji. Angeonekana hivyo, wangeitwa watu waje kumwinua.

Kwa hiyo swali lake ni la haki. Nawe mwulize lako, kwa upole, mkiwa mmeshiba: mara ya mwisho mlipokwenda Pangani, ninyi wawili mlikaa peke yenu muda gani?

Sisi tulikwenda Tanga 2022, wiki tatu. Zilikuwa na hitima mbili, harusi moja, bati la nyumba ya mama mkwe, na karo ya mtoto wa shemeji. Yeye alishinda barazani na wazee, mimi nilishinda jikoni na mawifi, na kwa kuwa nyumba ilijaa wageni, usiku nililala na wanawake, yeye akalala na wanaume. Sijutii hata siku moja katika wiki zile. Ni wajibu, na ni furaha pia, na Mungu akitupa uhai tutakwenda tena. Lakini tulirudi kwetu Leicester, Uingereza, tumechoka kuliko tulivyoondoka, na mazungumzo yetu marefu kuliko yote tuliyafanya kwenye foleni ya uwanja wa ndege.

Barbados tulipanga nyumba ndogo ya chumba kimoja na jiko, hatua kama mia mbili kutoka ufukwe wa Paynes Bay, upande wa magharibi wa kisiwa. Siku tatu za mwanzo mume wangu alikuwa kama kuku mgeni. Yeye ni dereva wa basi, maisha yake yamepimwa kwa dakika. Aliamka saa kumi na moja alfajiri, akaosha vikombe vilivyokwisha oshwa, akatoka kwenda pale kwenye soko dogo la samaki kuwatazama wavuvi wakishusha. Siku ya pili alikwisha wajua kwa majina. Siku ya tatu alirudi na jodari mzima, ananiuliza tunaye nani wa kumgawia. Hatukuwa na mtu. Nilimwona amesimama mlangoni ameshika samaki kwa mkia, na nikaona jinsi alivyosahau kabisa kuishi bila mtu wa kumhudumia.

Siku ya nne nilitandika leso chini ya mvinje, maana mivinje iko kule kama ilivyo kwetu, nikamwambia njoo ulale. Maji ya upande ule hayana wimbi la kupasuka. Yanapanda mchangani na kurudi kwa sauti kama ya mtu anayepepeta mchele kwenye ungo. Alijilaza akiwa na viatu. Baadaye akavua kimoja, kisha cha pili. Alilala mpaka kivuli kikatuhama, jua likampiga usoni, na alipoamka hakuinuka. Akaanza kusema, macho bado yako juu kwenye matawi.

Akaniambia kwamba mwaka 2002, baridi yake ya kwanza Uingereza, mimi nikiwa bado Tanga na mtoto mchanga, alikuwa akitembea kwa miguu kwenda na kurudi kazini kila siku, mwendo wa saa nzima, ili nauli ya basi iwe ya kununulia kadi za simu za kunipigia. Nakumbuka simu zile. Nakumbuka nilivyokuwa nikimnung'unikia kwamba anaongea haraka haraka kama hataki kuongea. Kumbe alikuwa anatetemeka. Miaka yote hii hakuwahi kuniambia, na nadhani hakuficha. Haikupatikana nafasi ya neno la namna ile kutoka.

Mwambie mume wako hivi: bahari ya kule haizidi ya Pangani, na maji ya kwetu nayapenda zaidi. Tulichokipata kule ni saa tupu. Kati ya Barbados na Tanzania kuna tofauti ya saa saba. Kwetu inapokuwa saa moja asubuhi, watu wameamka na shida zao mkononi, kule ni saa sita ya usiku. Kabla ya kuondoka tuliwapigia wazee wote wawili waliobaki tukawaomba ruhusa, tukawaeleza wazi kwamba tunakwenda kupumzika, na kwamba simu itafunguliwa mara moja kwa siku, saa tatu asubuhi ya kule, ambayo kwao ni saa kumi jioni. Msiwadanganye kwamba mko kazini. Uongo utakaa nanyi mchangani kama mgeni wa tatu. Mama mkwe wangu, tuliyemwogopa sana, alisema maneno matatu tu: "Nendeni wanangu, mmechoka."

Mwaka unaofuata nendeni Pangani. Na mkifika, mwombe mume wako akupeleke ufukweni jioni moja, wawili tu.

*Habari ya kazi mama. Mimi na mke wangu tunatimiza miaka kumi ya ndoa na tungependa kufika huko kutoka Nairobi. Wakala ametutafutia tiketi za bei nafuu kupitia Marekani. Je, viza inahitajika? Na tuandae pesa kiasi gani? (Mume wa miaka kumi, Nairobi)*

Nzuri mwanangu, na hongereni. Usilipe tiketi hiyo kabla hujasoma hapa.

Kuingia Barbados kwa matembezi, mwenye pasi ya Kenya au ya Tanzania haombi viza. Mtego uko njiani. Marekani haimruhusu abiria wa pasi zetu kubadilisha ndege tu, hata kama hatoki nje ya uwanja. Lazima awe na viza yao. London nako pasi zetu zinadaiwa viza ya kupitia, isipokuwa uwe na baadhi ya viza za nchi nyingine zinazokubalika. Na angalia sana kitu hiki: ndege ya Nairobi huenda ikakushusha Heathrow, na ya Barbados ikaondokea Gatwick. Hapo umeingia Uingereza, umepita uhamiaji, umepanda gari hadi upande wa pili wa jiji, na karatasi yako lazima iruhusu hayo. Nawajua bwana na bibi waliofika kaunta ya uwanja na masanduku yao wakarudishwa, na wakala aliyewauzia hakurudisha hata senti. Mwulize wako kila kituo kwa jina la uwanja, akuandikie. Kisha uhakikishe mwenyewe kwa ubalozi husika, kwa sababu masharti haya hubadilika.

Chukueni vyeti vya chanjo ya homa ya manjano. Ukitoka kwetu unaweza kuulizwa. Fomu ya kuingia inajazwa kwenye tovuti ya serikali ya Barbados na ni bure. Tovuti inayokudai ada kwa fomu hiyo, iache. Uwe pia na tiketi ya kurudi na anwani ya mtakapolala.

Kuhusu pesa, hesabu ni nyepesi: dola 2 za Barbados ni dola 1 ya Marekani, na imekuwa hivyo tangu 1975. Dola za Marekani zinapokelewa kila duka, ila chenji utarudishiwa ya kwao, na hiyo itumie ukiwa huko huko, maana ukitoka nayo utahangaika kuibadilisha. Vitu ni ghali. Chakula kingi kinakuja kwa meli, na juu yake kuna kodi ya mauzo ya asilimia 17.5. Sisi tuliokoa kwa kupanga nyumba yenye jiko, kununua samaki kwa wavuvi, na kupanda basi. Nauli ya basi ni dola 3.50 za kwao, uende vituo viwili au uvuke kisiwa chote. Kisiwa chenyewe kina urefu wa kilomita 34 tu na upana wa 23. Vituoni kuna vibao vya aina mbili, cha magari yaendayo mjini na cha yanayotoka mjini, basi, hupotei. Kuna mabasi ya serikali ya bluu, kuna mabasi madogo ya manjano, na kuna vigari vyeupe vyenye mstari wa rangi ya damu ya mzee wanavyoviita ZR. Hivi vina muziki wa juu, vinabana abiria, vinakata kona. Mtu wa Nairobi akipanda ataona amerudi kwao.

Nauli kutoka Nairobi ni mzigo, nakwambia kweli. Kama mnachotaka ni Karibi yenyewe, jipangeni mwaka mzima mwende. Kama mnachotaka ni kuwa pamoja, hata Lamu na simu zimezimwa inatosha.

*Assalaam alaykum ukhti. Tuko Muscat, asili yetu Unguja. Mume wangu anasema Karibi ni pombe na uchi tu, hakutufai. Ulikula nini na ulivaa nini? (Mama wa watatu, Muscat)*

Wa alaykum salaam warahmatullah. Pombe ipo, na ya zamani sana. Barbados wana kiwanda cha ramu chenye hati ya mwaka 1703. Ndiyo maana nawashauri msichukue hoteli ya kulipia kila kitu kwa mkupuo. Sehemu kubwa ya bei ile ni ya vinywaji msivyokunywa. Pangeni nyumba.

Fukwe zote za Barbados ni za umma, hata ile iliyo mbele ya hoteli ya matajiri. Hakuna wa kukufukuza. Mimi niliingia majini saa kumi na mbili na nusu asubuhi, na nguo ndefu ya kuogelea na kilemba chake. Saa hiyo wanaokuja ni wazee wa pale pale, bibi na babu wenye kofia za nyasi, wanakaa kwenye maji ya kifuani wanapiga soga kama watu wa barazani. Hakuna aliyeniangalia mara mbili. Bibi mmoja alinisogelea akaniuliza kitambaa changu kinakauka upesi kiasi gani, maana alikitamani. Jambo la kukumbuka: suti ya kuogelea hawaivai mjini wala dukani, wenyewe wanaona ni utovu wa adabu. Hapo mko pamoja nao.

Waislamu wapo, si wengi, wengi wao wenye asili ya Gujarat, na misikiti iko Bridgetown, mji mkuu. Kuku wa halali tulimpata kwa mwenye duka wa Kiislamu mjini, na siku nyingine zote tulikula samaki.

Sasa ngoja nikueleze chakula chao cha taifa, maana hiki kilinigusa. Kinaitwa cou-cou. Unga wa mahindi unasongwa katika maji yaliyochemshiwa bamia, mpaka ushikane na kuteleza. Unasongwa na nini? Na mwiko! Mwiko bapa wa mti, wanauita fimbo ya cou-cou. Mama aliyekuwa akipika kwenye kibanda karibu na soko la samaki alinikubalia nishike. Nilipobana sufuria na kuupindua ule unga kutoka chini kuja juu, akaweka mikono kiunoni akaniuliza nimefundishwa na nani. Nikamwambia mama yangu, Tongoni. Ugali wao ni laini kuliko wetu, na mlenda wa bamia unaufanya ushuke kooni wenyewe. Unaliwa na panzi wa baharini, yule samaki anayeruka juu ya maji, aliyekunjwa na kupikwa mchuzi wa nyanya, kitunguu na thaimu. Panzi wamechorwa hata kwenye sarafu yao ya dola moja.

Mjihadhari na mambo mawili. Chakula cha Jumamosi kiitwacho pudding and souse ni nguruwe. Na wali wao wa mbaazi, ambao mkiuona mtadhani mko Unguja, mara nyingi unatiwa mkia wa nguruwe wa chumvi. Ulizeni kabla ya kuonja. Hawaudhiki; walikuwa wakinijibu kwa ukarimu na kunionyesha kilicho salama. Shelisheli la kuchoma halina wasiwasi, na madafu yanauzwa kando ya barabara, yanachongwa kwa panga mbele yako.

*Dada, tumefunga ndoa Mei, tuko Toronto. Bei za Agosti na Septemba ni nusu ya zile za Februari. Tuchukue? (Maharusi, Toronto)*

Hongereni wanangu. Ni nafuu kwa sababu: msimu wa vimbunga unaanza 1 Juni hadi 30 Novemba, na Agosti, Septemba na Oktoba ndiyo kilele chake. Barbados imekaa mashariki, mbali kidogo na safu ya visiwa vingine, na vimbunga vingi huipita. Lakini si vyote. Julai 2021 kimbunga Elsa kiliipiga, na 1 Julai 2024 Beryl kilipita kusini yake, kikavunja mashua za wavuvi hapo Bridgetown kabla ya kwenda kuiangamiza Carriacou ya Grenada. Mume wangu alionyeshwa mashua mbili zilizokuwa bado zinatengenezwa, na mwenye moja alisema alikaa karibu mwaka bila kwenda baharini. Msikilizeni mvuvi kabla ya kusikiliza bei. Mkiamua kwenda, kateni bima inayotaja vimbunga kwa jina.

Kitu cha pili ni mwani. Tangu 2011 mwani wa kahawia unaoelea, sargassum, umekuwa ukija kwa wingi kutoka Atlantiki, hasa kuanzia machipuko hadi kiangazi cha kwenu Toronto. Ukirundikana ufukweni unaoza na kunuka kama yai viza. Nilifikiri habari ya akina mama wa Paje na Jambiani wanaoupanda mwani kwa mikono yao na kuuza, na hapa mwani unakuja wenyewe na kuwa balaa. Unapiga zaidi mashariki na kusini. Magharibi huwa salama mara nyingi.

Jumatatu ya kwanza ya Agosti ni kilele cha Crop Over, sherehe iliyoanzia kwenye mavuno ya miwa. Ni ngoma za barabarani kutwa kucha. Kama mnataka utulivu, si wiki hiyo. Na nguo zenye mabaka ya jeshi ziacheni Toronto: sheria ya kule inamkataza raia kuvaa, hata mtoto.

Mngekuwa wanangu wa kuzaa ningewaambia mngoje Mei mwakani, siku mnayotimiza mwaka. Mvua bado, bei imekwisha shuka.

*Mama, mimi ni mtu wa Dodoma, sijui kuogelea na naogopa maji. Mke wangu ni wa Bagamoyo na anataka kwenda. Nitakaa hotelini siku zote? (Mwoga wa maji, Dodoma)*

Hapana baba, usikae hotelini. Chagua magharibi: Paynes Bay, Holetown, Mullins. Pale unaingia mpaka kiunoni na maji yametulia kama ya kwenye karai. Mshike mke wako mkono, mtoke mkitaka. Carlisle Bay, karibu na Bridgetown, kuna kasa na ng'amba wanaokuja hadi maji mafupi. Mke wako atawaona kwa miwani ya kuzamia, nawe utaviona vichwa vyao vikichomoza kupumua. Msiwaguse.

Mashariki, Bathsheba, nendeni mkatazame tu. Ni Atlantiki ile, hakuna kisiwa kingine mbele yake mpaka Afrika, na mawimbi yanakuja na nguvu zote za safari hiyo. Hodari wa ubao wanayapanda, lakini hata mke wako wa Bagamoyo asiogelee pale. Bendera nyekundu ufukweni maana yake usiingie.

Kitu kilichonitisha mimi hakikuwa majini. Kuna mti uitwao manchineel, unaota ufukweni, una kivuli kizuri na vitunda vya kijani kama tofaa dogo. Kitunda ni sumu, utomvu unaunguza ngozi, na mvua ikinyesha matone yanayopita kwenye majani yake yanakutoa malengelenge. Siku ya sita mvua ilitukuta, nikakimbilia chini ya mti wa kwanza niliouona. Mwuza barafu ya sharubati aliacha kigari chake akaja mbio akipunga mikono, akanivuta kwa kiwiko kama mtoto. Kisha akanionyesha mviringo wa rangi nyekundu uliopakwa kwenye shina. Niliuona, nikadhani ni alama ya mkata miti. Basi ukiona mti una mkanda mwekundu, bora unyeshewe na mvua.

*Salaam mwanangu. Mimi ni mwalimu mstaafu, siwezi tena safari. Nataka kujua jambo moja: watu wa kule ulipowatazama, uliona nini cha kwetu? (Mwalimu, Mombasa)*

Shikamoo mwalimu. Swali lako nimelirudia rudia wiki nzima.

Wazee wao walitolewa Afrika ya Magharibi, si kwetu, na sitaki kujivisha undugu nisioujua. Tulikwenda Newton, shamba la zamani la miwa, ambako watumwa karibu mia sita walizikwa bila kibao cha jina. Ni uwanda wa nyasi tu, upepo unapita. Mume wangu alivua kofia akasoma Fatiha kimya kimya, mimi nikaitikia. Watu wale walipata uhuru kamili 1838. Nchi yao ilipata uhuru 30 Novemba 1966, na tarehe hiyo hiyo mwaka 2021 ikawa jamhuri.

Nilichokiona cha kwetu ni kidogo kidogo, mwalimu. Mtu akipanda basi anawasalimu wote waliomo, na wote wanaitikia. Ukiingia dukani na kutaja unachotaka kabla ya salamu, mwenye duka anakusalimu yeye kwanza, taratibu, ili ujue ulichosahau. Ijumaa usiku tulikwenda Oistins, mji wa wavuvi wa kusini, ambako wanachoma fulusi na nduaro hadharani na watu wanakula kwenye mabenchi. Vijana wana muziki wao upande mmoja. Upande wa pili wanacheza wazee, nyimbo za zamani, mume na mke, mkono mgongoni, miguu inajua njia. Mume wangu hajacheza nami tangu harusi ya dada yake. Alifuta mikono kwa karatasi, akaniangalia, akasimama.

Na mbuyu. Bridgetown, katika bustani ya Queen's Park, kuna mbuyu, mwalimu, mbuyu hasa, wenye mzingo wa mita 18 hivi. Haukuota Karibi wenyewe. Asili yake ni Afrika. Nilipouona toka getini nilisimama. Nilikuwa nimeusahau ubuyu wa utotoni, tulivyokuwa tukiumung'unya mpaka midomo inakuwa myekundu, na wazee wanatukataza kucheza chini ya mti wake magharibi inapoingia. Tuliusogelea. Mume wangu akaweka shavu kwenye gome akanyoosha mikono, nami nikaushika mkono wake nikanyoosha wangu upande wa pili, tuone tutaukumbatia kiasi gani. Mama mmoja aliyekuwa akipita na mfuko wa soko akatutazama, akaweka mfuko chini, akaja akashika vidole vyangu. Tukawa watatu, tumeubana mti, na bado hatukufika hata theluthi yake.